Ukoo wa Cui na Pombe ya Shosho Wangari

Wangari, mama yangu,

Umetoka kwenda Ruiru kuwaaga wenzako wa shule, na nyumba imebaki na mimi na sanduku lako lililojaa mpaka zipu inakataa kufunga. Nimefurahi kwamba umetoka. Kuna maneno ambayo nikikutazama usoni nayapunguza makali, na mara hii sitaki kuyapunguza.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za kujihadhari na watu usiowajua. Hayo umeyasikia tangu nasari. Nataka kukuandikia juu ya ukoo wa Cui.

Najua utacheka. Lakini ni wewe uliyewaleta hao watu nyumbani kwangu. Ulikuwa mwaka wako wa mwisho chuoni, ukakaa kwenye kiti cha plastiki pale jikoni Witeithie, mimi nakaanga vitunguu, ukasema, "Mathe, wacha nikwambie kuhusu familia moja ya Uchina ya kale. Hawakuwa wafalme, lakini wafalme waliwaonea wivu."

"Walikuwa na nini? Mashamba?"

"Mashamba, ndiyo. Na masomo. Na jina. Lakini zaidi ya yote walijua ni nani wa kuoa kwake na nani wa kumpa binti yao."

Nikakwambia hao nawajua, siku hizi wanakaa Ruiru na mkubwa wao ni ndugu yangu Kariuki. Tulicheka mpaka vitunguu vikaungua.

Baada ya hapo ukawa unaniletea habari zao kila nikirudi kutoka kiwandani. Nakwambia ukweli, siku nzima kwenye cherehani, kelele zikinijaa masikioni, nilikuwa nangojea sehemu inayofuata. Uliniambia walianza kama watu wengine wa kaskazini wenye mashamba yao, ila wao waliwasomesha vijana wao. Utawala ukaanguka, ukaja mwingine. Wakaja watawala wageni, watu wa farasi, nao pia wakahitaji watu wanaojua kuandika na kupanga mambo ya serikali, na waliokuwa tayari ni Cui. Kila aliyepanda kwenye kiti aliwakuta pale. Kizazi baada ya kizazi wakapanda, mpaka wakawa hawaozani ila na nyumba chache tu zilizo kama wao, na mtu mwingine akija kuposa, hata awe na mali ya kujaza bonde, anaangaliwa kama amekanyaga zulia na matope.

Halafu ukanisimulia ile ya mfalme. Kwamba aliamuru koo zote kubwa zipangwe kwa cheo, na maafisa wake, bila kufikiria sana, wakawaweka Cui juu kabisa, juu ya ukoo wa mfalme mwenyewe. Mfalme akawaka. Akawarudisha wazipange upya, na Cui wakashushwa hadi wa tatu. Baadaye mfalme mwingine akapiga marufuku koo hizo kubwa kuozana zenyewe kwa zenyewe. Wao wakaendelea kuozana kimyakimya, na lile katazo likageuka kuwa sifa: ukiwa miongoni mwa waliokatazwa, basi wewe ni mtu.

Siku hiyo niliwapenda. Nilikwambia, "Hawa walikuwa na kichwa ngumu. Nimewapenda." Nawe ukaniangalia kwa lile jicho lako la mwalimu, ukasema, "Ngoja kwanza. Wasichana wao je?"

Hapo ndipo uliponiambia kwamba katika kumbukumbu za ukoo, binti anaitwa bibi Cui tu, basi. Ukoo mzima umepanda kwa migongo ya mabinti waliotolewa huku na kule, na huwezi kujua hata mmoja alipenda nini. Kwamba maisha yao, na mara nyingine hata majina yao, yamebaki kwenye mawe yaliyozikwa pamoja nao, na sasa mawe hayo yanafukuliwa. Na kwamba hiyo ndiyo kazi unayotaka kuifanya: kwenda kuyasoma.

Nilifumba macho. Ulidhani nimechoka. Nilikuwa namfikiria shosho yako, mama aliyenizaa.

Jina lako ni lake, ndiyo maana nakuita mama yangu, hilo unalijua. Lakini mengine nilikupa vipandevipande tu, kwa sababu hata mimi nilifundishwa kuona aibu. Sasa uyapate yote.

Guka yako, yaani baba yangu, alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya kahawa. Mtu mpole, hakuwa na makuu, alikufa mapema akiwa bado na deni la usingizi. Hakuwa chifu. Hakuwahi hata kukaa karibu na chifu, isipokuwa siku alipoitwa kuulizwa kwa nini mke wake anapika pombe. Kwa maana shosho alipika muratina, ile pombe yetu ya kienyeji. Alipika nyuma ya nyumba huko Murera na kuileta usiku mpaka Witeithie, na wanywaji wake walikuwa wachimba mawe, makondakta, wafanyakazi wa viwanda vya Thika, na diwani mmoja aliyekuja amejifunika koti kichwani. Askari walimwaga mapipa yake barabarani mara nyingi. Alilala seli. Akitoka, kabla ya kuoga, anawasha moto.

Kwa pombe hiyo tulisoma. Kwa pombe hiyo alinunua ile ploti ya Ruiru wakati Ruiru ilikuwa nyasi na vumbi na watu wakimcheka kwamba amenunua malisho ya mbuzi. Alipofariki, ploti ikaandikwa jina la Kariuki kwa sababu ndiye mwanamume, na flati za kwanza za mjomba wako zikasimama pale. Kutoka hapo akapanda. Ni mchapakazi, hilo simnyimi. Akaingia kanisa kubwa, akawa mzee wa kanisa, akaanzisha mikutano ya mbari, yaani ukoo wetu, ambao kabla ya hapo ulikuwa unakutana kwenye mazishi tu.

Na mimi? Mimi nilikuwa mwenye kutii.

Baba yako Mutua alikuja kuniposa na wazee wake kutoka kule mashariki ya Thika, wamevaa suti zenye mikunjo ya sanduku. Nilikuwa na wewe tumboni tayari. Kariuki aliwapokea langoni. Hakuwakaribisha ndani. Aliwauliza maswali pale pale wamesimama: ardhi yenu iko wapi, kwenu ni akina nani, nani anawajua. Mzee mmoja akajibu kwa adabu, "Sisi ni wakulima, na kijana ni fundi wa mashine." Kariuki akasema, "Basi mashine ndiyo akaoe."

Mimi nilikuwa dirishani. Nilisikia kila neno. Ningeweza kutoka. Mlango haukufungwa, hakuna aliyenishika. Nilikaa, kwa sababu niliamini ukoo ni kitu kikubwa kuliko mimi, na kwamba nikitii leo, kesho watanipa nafasi yangu. Mutua alirudi tena peke yake, nikatuma mtu amwambie aende. Alienda. Alioa, ana watoto, ni mtu mzuri, umemwona mwenyewe na mwezi uliopita alikusindikiza mpaka stendi. Simlilii. Ninachokwambia ni kwamba kesho niliyoingojea haikuja. Nilipewa chumba kwenye ploti ya ndugu yangu huko Witeithie, aliyoinunua kwa kodi za Ruiru, na kila mkutano wa mbari nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, nikiwa nimeinamia sufuria. Nikakufundisha na wewe kuinamia. Ukiuliza kwa nini wajomba hawakutaji wakihesabu wajukuu, nilikwambia nyamaza, ongeza maji kwenye chai.

Kwa hiyo wakati unaniambia habari za mabibi Cui, nilikuwa najisikia kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya watu.

Sasa ile siku ya Murera. Ulikuwepo, lakini hukuwa ndani ya kifua changu, kwa hiyo nakusimulia upya.

Ilikuwa baada ya Krismasi. Kariuki alikodi hema na viti vya kufunikwa vitambaa. Mbele kabisa akatundika lile bango: mti mkubwa wenye matawi, na kwenye shina picha ya guka yako na maandishi kwamba alitoka nyumba ya machifu. Matawi yote ni wanaume. Nilimtafuta mama yangu kwenye mti huo kuanzia mizizi mpaka majani. Hata kutajwa kama mke tu, hakutajwa. Ukikaa na bango lile bila kuambiwa, ungedhani guka yako aliwazaa watoto wake mwenyewe.

Na wageni wa heshima walikuwa wale tuliowaita watu wa mawe, familia yenye machimbo ya mawe ya kujengea, pamoja na kijana wao mwenye miwani ya jua hata ndani ya hema. Nilidhani wamekuja kwa biashara. Nilikuwa mjinga, maana ilikuwa biashara kweli.

Kariuki akasimama. "Mbari yetu haikuanza jana. Sisi ni watu wa kutoka kwa machifu, na wageni wetu wanajua hatuungani na kila mtu." Halafu akakuita. "Wangari, hebu kuja hapa mbele wakuone. Weka hiyo themosi chini."

Ulikwenda na themosi yako. Ulikuwa umeshapata ufadhili wa Uchina, kila mtu pale alijua. Mjomba wako akasema, akicheka, "Huyu anataka kwenda kusoma historia ya Wachina. Lakini historia haiendi popote, itamngoja. Kwanza tuongee mambo ya nyumba."

Watu wakacheka. Wewe ukanitazama. Hukutazama kwa kuomba, na hicho ndicho kilichoniinua. Ulinitazama kama mtu anayetaka kujua mama yake ni nani.

"Kariuki," nikasema, "mwanangu anasafiri."

"Njeri, kaa chini. Hii ni mambo ya ukoo."

"Mimi ndio ukoo. Na huyo ndiye ukoo. Na kama ni mambo ya ukoo, basi tuyaseme yote. Baba hakuwa chifu. Baba alichuma kahawa mpaka mgongo ukapinda. Flati yako ya kwanza pale Ruiru ilijengwa na muratina ya mama, na mama hayuko kwenye huo mti wako."

Ngai! Nilisikia kitambaa cha hema kikipigwa na upepo. Nilidhani ardhi itapasuka. Badala yake, kutoka kule kwa watu wa mawe, yule mzee wao mwenye fimbo akainua kichwa. "Mama Kariuki wa Witeithie? Yule aliyekuwa akimwagiwa pombe na askari, anapika tena kesho yake?"

"Ndiye huyo," nikasema.

"Aiya! Na ilikuwa tamu!" Akageuka kwa wenzake. "Mimi nilikuwa navunja mawe kwa nyundo wakati huo, sina hata viatu. Yule mama alinikopesha chakula. Huyu ni mjukuu wake?"

Hema likapasuka kwa kicheko. Kila mtu mwenye mvi akawa ana hadithi ya shosho. Na wewe, katikati ya kelele, ukaweka themosi mezani, ukasema kwa adabu kabisa, "Asanteni kwa kunipenda, wazee. Lakini mimi sijaulizwa, na nikiulizwa jibu ni hapana. Nina safari."

Mzee wa mawe alikushika mkono akakutakia heri. Aliyekasirika alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na funguo za nyumba yetu.

Alituondoa Witeithie wiki iliyofuata. Alinipigia simu, sauti yake kavu: "Ukiona ukoo haukufai, basi hata ploti ya ukoo haikufai." Unakumbuka tulivyopakia vitanda kwenye pikapu, godoro likataka kupeperuka, tukakaa juu yake mimi na wewe mpaka hapa Makongeni. Wewe ulikuwa unaimba. Mimi nilikuwa naogopa. Sijawahi kukwambia. Nilikuwa mtu mzima sana kuanza kutafuta nyumba, na nilikuwa nimewapoteza watu wangu wote mchana mmoja, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kanisani watu walianza kunisalimia kwa mbali. Binamu zangu waliacha kupokea simu. Na bado, Wangari, usiku ule kwenye chumba kile chenye harufu ya rangi mpya nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu siku ya dirishani. Nikaamka nikaenda kazini nikashona mikono ya mashati mpaka jioni, na kila shati nilikuwa nalipiga mshono kama mtu anayegongelea msumari.

Leo Kariuki amekuja hapa. Ulikuwa umetoka muda mfupi tu. Niliona gari, nikasimama mlangoni, nikamwacha aseme hodi.

Amesikia kwamba watu wa kanisani wanakuzungumzia, msichana wa kwetu anayekwenda kusoma Uchina. Anataka mbari nzima ije kesho kiwanja cha ndege, wamevaa fulana zenye jina la ukoo, na mpiga picha. "Tumemweka Wangari kwenye mti," akasema. "Msichana wa kwanza. Tumemweka juu, pahali pazuri."

"Na mama?"

Akageuza funguo za gari mkononi.

"Kariuki, mama umemweka wapi?"

"Njeri, watu wakijua..."

"Watu wanajua. Walicheka, wakaomba chai zaidi."

Nikamkaribisha ndani, maana ni ndugu yangu, na nikampa chai. Akaishika bila kuinywa. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye nilikuwa nakimbia na kibuyu askari wakija. Shuleni walikuwa wananusa shati langu. Waliniita Pombe. Mwalimu pia." Akatazama ukuta. "Niliapa kwamba mtoto wangu hataitwa hivyo."

Nilimwonea huruma. Nakwambia kwa sababu sitaki uondoke ukidhani mjomba wako ni jiwe. Ni kijana aliyenuswa shati. Nikafikiria wale Cui wako, yule msomi wao wa kale uliyeniambia aliishiwa kwa kumzika baba yake kwa heshima, akaanza kupika pombe na kuiuza, na watu wakamcheka. Nikajiuliza ni vitukuu wangapi walimficha huyo wakati wanapanda.

Lakini huruma si ruhusa. Nikamwambia, "Nimekusikia, na pole. Mimi pia shati langu lilinuka, na nililivaa. Kesho usije na fulana. Ukitaka kuja kama Kariuki, mtoto wa mama, njoo. Mti wako ukija bila mama, na jina la Wangari litoke."

"Unakataa heshima," akasema.

"Nakataa nusu yake."

Akaondoka. Sijui kama atakuja. Ukimwona kesho kwenye lango la abiria, msalimie vizuri, mpe mkono kwa heshima, na usipige picha.

Sasa haya ni yangu kwako, na uyachukue unavyotaka. Usishukuru kwa kupewa kilicho chako. Mimi nilishukuru kwa chumba ambacho mama yangu alikilipia kwa kulala seli. Nilishukuru miaka yote, na shukrani ile ndiyo iliyoniziba mdomo kuliko Kariuki.

Na la pili ni gumu zaidi. Utarudi umesoma. Utakuwa mtu wa kualikwa, mtu wa kukaa viti vya mbele. Siku moja atakuja fundi wa mashine langoni kwako, labda kumposa binti yako, suti yake ina mikunjo ya sanduku, na utasikia kitu ndani yako kikitaka kumuuliza nani anamjua. Kitakuja, usidhani hakitakuja. Siku hiyo fungua lango. Sikukulea ili ukawe Cui mwingine.

Kuhusu wale wanawake wa kwenye mawe, nenda ukawasome. Ukikuta mmoja alikuwa mchoyo, au mkali kwa watumishi wake, au alimtesa mke wa mwanawe, mwandike hivyo hivyo alivyokuwa. Usimfanye malaika kwa ajili yangu. Shosho yako mwenyewe alikuwa na mkono mzito na mdomo mbaya, na alimpenda Kariuki kuliko mimi, waziwazi. Bado nataka aandikwe.

Kariuki akiwa anaingia kwenye gari alinigeukia akaniambia nisiguse kile kipande cha shamba cha Murera, pale mama alipopikia pombe, mpaka wazee wa mbari wakae waamue ni cha nani. Nimeshanunua mbegu. Mvua ikishuka nitapanda mahindi na maharagwe, kutoka mpaka hadi mpaka, mchana watu wote wakiona. Anayetaka kuniondoa aje na miguu yake aniambie nikiwa nimeshika jembe.

Kwa hiyo ukisikia huko kwamba tumegombana, usikate tiketi ya kurudi. Ukisikia nimeitwa kwa wazee, usilie. Maliza kazi yako, Wangari. Mimi huku ndiyo kwanza nimeanza yangu.

Mama yako,
Njeri